Jaji wa Meza ya Saba

Mwalimu alikuwa ameinama kwenye sinki la maabara, povu limempanda hadi viwikoni, alipoisikia sauti ambayo kwa miaka minane alikuwa akijidai ameisahau.

"Usizikaushe kwa kitambaa."

Hakugeuka. Mtu akishtuliwa namna ile huangusha alichoshika, na yeye alikuwa ameshika chupa ambayo binti wa kaka yake angeihitaji kesho asubuhi kuliko chai. Aliilaza taratibu juu ya gazeti, akafuta mikono kwenye aproni, akavuta pumzi.

"Najua. Kitambaa kinaacha unyevu."

"Na unyevu unashika chumvi."

"Na chumvi ikishika kioo, utadhani ni nafaka iliyolowa kumbe ni chupa. Nimesema najua. Nani aliyekufundisha hayo kama si mimi?"

Ndipo alipogeuka, na mara akajuta kugeuka. Ngongoti alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa kidogo, maana tangu shule alikuwa akigonga vizingiti na adabu ya kuinama ilikuwa imemwingia mwilini. Mashavu yalikuwa yamejaa. Alikuwa na miwani sasa, na shati lililopigwa pasi na mtu anayejua pasi, na kifuani beji ya jaji. Macho tu ndiyo yalikuwa yale yale. Yalimtazama kwa njaa, bila kujificha.

"Shikamoo Mizani," alisema Ngongoti.

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita hivyo. Alimpa jina hilo walipokuwa wanafunzi, kwa sababu msichana yule alipima kila kitu mara mbili, hata sukari ya uji.

"Shikamoo ya nini? Umenizidi miezi mitatu."

"Nakuamkia kwa cheo. Nasikia siku hizi ni mwalimu mkuu wa somo."

"Na wewe nasikia ni daktari wa maghala. Wadudu wakiumwa wanakuja kwako."

Akacheka. Na Mwalimu naye, ole wake, akacheka, kisha akakumbuka kwamba hakutaka kucheka, akaigeukia chupa nyingine. Nje ya dirisha, watoto wa shule mbalimbali walikuwa wakibeba meza kuelekea ukumbini kwa ajili ya mashindano ya sayansi ya kesho. Walikuwa wakigombana ni nani aliyesahau gundi.

"Bado unapuliza ndani ya chupa kutoa vumbi?" aliuliza bila kumtazama.

"Mara moja tu nilipuliza!"

"Wiki nzima, Ngongoti. Wiki nzima majibu yetu yalikuwa upuuzi mtupu, tukailaumu nafaka, tukamlaumu aliyetuuzia chumvi, kumbe ni pumzi yako. Nikakukuta unapuliza kama mtu anayepoza uji."

"Ulinipiga na kitambaa."

"Ulistahili."

Mradi ule ulikuwa wa wao wawili: nafaka kidogo, chumvi kavu, chupa kavu, tikisa. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, nafaka haijakauka, ukiifungia ghalani itaota ukungu. Wakulima wanaijua hila hiyo. Wao wawili walikaa mchana baada ya mchana katika chumba cha maabara wakitafuta kuifanya iseme zaidi ya ndiyo na hapana, na katikati ya kutikisa chupa wakapendana bila hata mmoja kulitamka neno lenyewe. Ikafika siku ya fainali, na Mwalimu akaamka na matubwitubwi. Uso ulimvimba kama andazi. Kanuni za mashindano zilisema medali ni ya anayesimama mbele ya majaji, na aliyesimama akawa Ngongoti peke yake.

"Kuna jambo sijawahi kukwambia," alisema Ngongoti. Alikuwa ameingia sasa, amesimama upande wa pili wa meza, kidole chake kikizunguka mdomo wa chupa. "Kuhusu usaili wa chuo."

"Usinifungulie makaburi."

"Nisikilize tu. Waliniita kwa sababu ya medali. Alama zangu hawakuziuliza hata mara moja."

"Zingeulizwa ningekwenda mimi. Zangu zilikuwa juu ya zako."

"Nilijua, na walimu wote walijua. Basi nikakaa mbele ya kamati nikaanza kueleza: tulifanya hivi, tukapima vile. Mzee mmoja akanikatiza. Akasema, kijana, acha hiyo 'tuli'. Tunataka kujua wewe ulifanya nini. Sema 'mimi'."

Bomba la sinki lilikuwa likidondosha maji. Mwalimu akalikaza, likaendelea kudondosha.

"Na wewe?"

"Nikasema mimi."

"Yote?"

"Yote. Nilipima mimi, nilikosea mimi, niligundua mimi. Nikapata nafasi. Kila ujumbe niliokuandikia baadaye nilitaka kukwambia, nikaishia kukueleza habari za baridi na maktaba. Kisha ukaacha kujibu."

Mwalimu alitamani kumkasirikia. Alikuwa ameitunza hasira hiyo kwa miaka, ameilisha na kuinywesha, na sasa siku ya kuitumia imefika, haikuja. Kilichokuja ni hamu. Alitamani kumshika mkono ule uliokuwa ukichezea chupa. Alikuwa ameacha kujibu kwa sababu kila ujumbe ulimfanya alie jikoni huku mama yake akimuuliza kama ni vitunguu.

"Kesho unakagua meza zipi?" aliuliza badala yake.

"Ya sita hadi ya kumi. Ya saba ni yenu, nimeona. Ndiyo maana nimekuja, ingawa si ruhusa. Kesho mkuu wa majaji atauliza kama kawaida, nani ana uhusiano na timu. Nitajitoa."

"Usijitoe."

Ngongoti aliinua uso.

"Ukijitoa wewe, analetwa Bwana Sifuri," Mwalimu alisema, na maneno yakaanza kumtoka mbio. Bwana Sifuri alikuwa mhadhiri wa kemia, na jina hilo watoto hawakumpa kwa mapenzi. "Unamjua. Akiona meza haina waya wala taa inayowaka, anapita. Meza ya tano wana mtambo uliotengenezwa na fundi wa baba yao, unalia kama gari la wagonjwa. Binti wa kaka yangu ana chupa na chumvi. Ameimaliza kazi yetu, Ngongoti. Anatumia chupa tano, kila moja na kiasi chake cha chumvi, na anakusomea unyevu wa nafaka hatua kwa hatua. Sisi hatukufika huko. Wewe peke yako ukumbini utaona alichofanya."

"Ndiyo maana sipaswi kumkagua."

"Chuo kile kile kimemwandikia. Wanampenda, wamesema, lakini wenye alama nzuri ni wengi mno, je, ana tuzo yoyote? Unaelewa? Mtoto amesoma mpaka macho yamekuwa mekundu, na bado wanamuuliza ana nini shingoni. Sitaki awe mimi."

"Kuna ubaya gani kuwa wewe?"

"Usinibembeleze."

"Kwa hiyo unaniomba niseme sikujui."

"Sikuombi useme. Nakuomba ukae kimya."

"Kwako hayo ni mambo mawili?"

"Kesho, ndiyo."

Ngongoti aliiweka chupa mezani, mdomo chini, juu ya gazeti, kama walivyokuwa wakifanya. Alimtazama kwa muda, na Mwalimu akawa na hakika kwamba kama Ngongoti angenyoosha mkono tu, yeye angemfuata hadi mwisho wa dunia na aproni yake yenye povu.

"Ukiniomba wewe," alisema hatimaye, "nitakaa kimya." Akainamisha kichwa chini ya kizingiti, akaenda zake.

*

Asubuhi, kaka mtu aliingia ukumbini na shati jeupe lililombana tumbo. Alikuwa dereva wa lori la nafaka, na alikuwa ameshuhudia magunia mengi yakikataliwa ghalani baada ya safari ndefu, kwa hiyo mradi wa binti yake aliuelewa kuliko wazazi wengine wote. Alichokuwa hakielewi ni yule mtu mrefu aliyekaa safu ya majaji.

"Yule si Ngongoti?"

"Ndiye," alijibu Mwalimu.

"Amefuata nini tena? Alikwenda na nafasi yako, akakuacha unakataa wachumba mmoja baada ya mwingine. Mama kafa anakuuliza habari za ndoa. Sasa amekuja kumaliza na mwanangu?"

"Kaka, sauti."

"Sipunguzi sauti! Mtu huyo sitaki kumwona karibu na meza hii."

"Ndiye jaji wa meza hii."

Kaka alifumba mdomo. Akamtazama Ngongoti, akamtazama binti yake, ambaye kila mtu alimwita Chumvi tangu alipoanza kumaliza chumvi ya nyumbani, akafikiri.

"Na anaijua kazi hii?"

"Kuliko wote."

"Basi leo simchukii," alisema, akajishusha kitini. "Nitaanza tena kesho."

Chumvi hakucheka. Alikuwa akizipanga chupa zake tano kwa mara ya kumi, midomo ikitembea bila sauti, akirudia maneno ya kuanzia. "Shangazi," alinong'ona, "nikianza na 'tumegundua' au 'nimegundua'?"

Swali lile lilimchoma Mwalimu mahali asipopategemea. "Umegundua na nani?"

"Wewe na mimi. Na baba alileta nafaka."

"Basi sema hivyo hivyo."

Mkuu wa majaji akapanda jukwaani. Alikuwa mama mtu mzima, profesa mstaafu, aliyetembea na fimbo na kuongea kama mtu aliyechoshwa na vipaza sauti vibovu.

"Kabla hatujaanza. Jaji yeyote mwenye undugu, urafiki, biashara au mapenzi na mtu wa meza anayoikagua, ajitoe sasa hivi." Kwenye neno mapenzi watoto wakaguna na kucheka. Mama akawangoja watulie. "Na ninyi walimu, mkijua lolote juu ya jaji wenu, semeni sasa. Mkisema kesho, huo ni umbea."

Jaji mmoja alisimama, akasema ana mtoto wa dada yake meza ya pili, akahamishwa. Mwingine alikuwa amekopeshana vifaa na shule moja. Mama akaitikia, akaandika.

"Mwingine?"

Mwalimu alimtazama Ngongoti. Ngongoti alitazama mikono yake. Alikuwa amekaa wima, mrefu kuliko wote, uso umetulia kabisa. Alikuwa anafanya alichoombwa. Hakumtazama hata kwa kuiba. Mtu mgeni angeapa kwamba wawili hao hawajawahi kuonana popote.

Anaweza, Mwalimu aliwaza. Kumbe anaweza.

Jana pale maabara lilikuwa ni ombi tu, maneno. Sasa alilitazama kwa macho yake, na roho ilimuuma kuliko hata siku ile ya matubwitubwi. Miaka minane iliyopita mwanamume huyu aliambiwa amfute, akamfuta, na amekuwa na maumivu hayo hadi leo. Na safari hii nani aliyemwambia afute? Ni yeye mwenyewe, Mizani, kwa mdomo wake. Pembeni yake mtoto alikuwa akirudia kwa kunong'ona: tumegundua, tumegundua.

"Hakuna? Basi tunafunga."

Mkono wake ulipanda kabla hajaamua.

"Mama, meza ya saba."

"Nani anasema?"

"Mimi, mwalimu wao. Jaji wetu ananihusu."

Ukumbi ukageuka. Kaka akamvuta sketi chini kwa chini. "Dada! Kaa! Kaa chini, nakuomba!"

Ngongoti alikuwa ameinua kichwa. Utulivu wote ulikuwa umemtoka usoni, amekuwa kijana wa maabara tena.

"Anakuhusu kwa lipi kati ya niliyoyataja?" aliuliza mama, kalamu juu ya karatasi.

"La mwisho."

Kilichofuata kilikuwa kelele. Watoto walipiga meza, mtu fulani nyuma akapiga kigelegele, Bwana Sifuri akavua kofia akaivaa tena. Mama mkuu peke yake hakubadilika. Alimgeukia Ngongoti.

"Ni kweli, daktari?"

Ngongoti alisimama. "Kwa upande wangu ni kweli, mama. Kwa upande wake ndiyo nasikia sasa."

"Sikuuliza hadithi. Toka nje. Na mwalimu pia, nje. Meza ya saba itakaguliwa na mwenzako pale." Akaelekeza fimbo kwa Bwana Sifuri.

*

Nje ya ukumbi kulikuwa na benchi moja tu. Mwalimu alikaa mwisho huu, Ngongoti akakaa mwisho ule, na katikati yao pangetosha familia. Kupitia kioo cha mlango waliweza kumwona Chumvi akizungumza, na mgongo wa Bwana Sifuri. Mgongo ule haukusema lolote.

Kaka alitoka kwanza. Alikuwa na hasira hadi masikio.

"Umeridhika? Mtoto amesoma miaka yote hiyo, wewe unakuja kumwaga mapenzi yako ukumbini!" Akamgeukia Ngongoti. "Na wewe! Ungekuwa na akili ungekuja kuposa zamani, mambo haya yangekwisha!"

"Ningekuja ungenipokea, shemeji?"

"Usiniite shemeji!" Kaka alipiga hatua mbili, akarudi. "Ningekufukuza," alikiri. "Lakini ungekuwa umekuja." Akaenda kusimama juani peke yake, mikono nyuma.

Walikaa. Kila neno Mwalimu alilotaka kusema lilikuwa kubwa mno kwa benchi lile.

Mlango ulipofunguka na Chumvi akatoka, shangazi yake alisimama kwa haraka hadi akayumba.

"Imekuwaje?"

"Sijui. Aliuliza maswali mpaka nikaishiwa. Akatikisa chupa zote mwenyewe. La mwisho nilimjibu sijui."

"Akasema nini?"

"Akaandika. Hacheki, hanuni, utajuaje?" Macho ya msichana yalikuwa yamejaa machozi ambayo hakutaka yamwagike. "Matokeo ni jioni. Lakini ulipaswa kuniambia jana, shangazi."

"Ni kweli. Nisamehe."

"Ningekwambia unyooshe mkono mapema, nisitetemeke bure." Akafuta pua kwa kiganja. Akamkagua Ngongoti kuanzia viatu hadi miwani, akiwa amelazimika kurudi nyuma kidogo ili amwone wote. "Ndiye huyu aliyekuwa akipuliza kwenye chupa?"

"Ndiye."

"Mh," alisema Chumvi, na akamfuata baba yake juani.

Wakabaki wawili tena, Mwalimu akarudi kukaa mwisho wake wa benchi. Ndani ya ukumbi mtambo wa meza ya tano ulianza kulia, ukakatika katikati, na mtu akaomba waya mwingine.

"Nilikaa kimya kama ulivyoniomba," alisema Ngongoti.

"Najua. Nilikuona."

"Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya."

"Hata hilo nilitaka kulijua. Ulikaa vizuri mno, Ngongoti. Nikaogopa."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. "Keshokutwa nasafiri kurudi kazini."

"Hilo pia najua."

"Basi nijibu jambo moja, nisije nikakaa huko nikijiuliza usiku na mchana." Sauti yake ilikuwa imeshuka, haina utani hata kidogo. "Lile ulilosema mle ndani mbele ya watu wote. Ulilisema kwa sababu ni kweli, au ulitaka tu nitoke mezani, mtoto apimwe kwa haki?"

Mwalimu alitazama mlango wa ukumbi, kisha akamtazama yeye, moja kwa moja, kama ambavyo hakuthubutu tangu jana.

"Kwa kukutoa mezani ningesema urafiki," alimjibu. "Ungetoka vilevile."

Ngongoti alisogea kwenye benchi, akasogea tena, hadi bega lake likagusa la Mwalimu, na Mwalimu hakuondoka.